Jaji Aliyetoka Nje

4 Machi

Kitinda, mdogo wangu,

Juzi kwenye simu uliniambia sauti yangu ni kama ya mtu anayesoma tangazo. Ni kweli. Nikijua Baba ameketi pembeni yako, amepunguza redio ili asikie vizuri, siwezi kusema neno la maana. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi, kama nilipokuwa shule ya bweni na wewe unanijibu kwa michoro ya paka.

Habari yenyewe ni hii: nimeteuliwa kuwa jaji wa ile tuzo ya hadithi za sayansi na njozi, ile niliyokusihi mwaka jana uipelekee kitu ukasema huna cha kupeleka. Tuko watano. Mwenyekiti ni mama mtu mzima aliyehariri vitabu vya watoto maisha yake yote, na anazungumza nasi taratibu kana kwamba anatuvalisha viatu. Kuna rubani mstaafu asiyesoma hadithi bila kikokotoo mkononi. Kuna muuza vitabu anayejua kitabu gani kimeuzwa na kipi kimebaki rafuni, na elimu hiyo imemfanya mtu wa huzuni. Na kuna mmoja tunayemwita Profesa Hakuna. Nitakueleza sababu.

Hadithi zinatufikia bila majina, katibu amezipa namba tu. Kila jaji anazipanga anavyozipenda, ya kwanza, ya pili, hadi ya mwisho. Karatasi zikishakusanywa, hadithi iliyowekwa ya kwanza na watu wachache kuliko zote inatolewa, na kura ya aliyeichagua inahamia kwenye ile aliyoiweka ya pili. Wanaendelea kutoa hivyo mpaka moja ipate zaidi ya nusu ya kura. Sasa, chini ya karatasi kuna mstari ulioandikwa Hakuna Tuzo, nao unapangwa pamoja na hadithi. Ukiona hakuna inayostahili, unaupandisha juu. Profesa huuweka wa kwanza kila mwaka, na wenzake wanaapa kwamba huujaza kabla hajafungua bahasha.

Sharti kubwa ni moja. Jaji akimtambua mwandishi, anasema tu kwamba anamfahamu, anatoka nje, na hapigi kura kuhusu hadithi hiyo. Haulizwi zaidi.

Nisalimie Baba. Nasikia magoti yanamsumbua. Fundi wa lifti kuishi ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, huo ni utani ambao hata mimi nisingethubutu kuuandika.

Dada yako

12 Machi

Dada,

Hongera. Nimefurahi, na Baba amefurahi, ingawa ameuliza kama majaji wa hadithi huvaa joho.

Huku kwetu ni meno tu. Leo bibi mmoja amerudisha seti ya meno ya bandia niliyomtengenezea, anasema inacheka wakati yeye hacheki. Nimeikwangua kidogo nyuma, nikampa kioo, akanuna mbele yake kwa muda mrefu, akaridhika. Mikono yangu ina plasta ya kutengenezea kalibu mpaka kwenye kucha, kwa hiyo usishangae karatasi hii ikiwa na unga.

Baba ameniomba nimfundishe kuchapa kwenye kompyuta yangu. Anasema anawaandikia watu wa pensheni. Hao watu wa pensheni wana kazi, maana anawachapia kila asubuhi, kwa kidole kimoja, na nikipita anaweka gazeti mbele ya skrini.

Mimi sina cha kupeleka, kama nilivyokuambia. Lakini niambie, mnasoma vipi? Mnasoma mpaka mwisho, au mkichoka mnaacha? Mtu akianza vibaya mnamvumilia?

Kitinda

2 Aprili

Kitinda wangu,

Tunasoma mpaka mwisho. Mwenyekiti anadai kwamba hadithi ya njozi ni kama nyumba ngeni, huwezi kuihukumu ukiwa bado unatafuta swichi ya taa.

Leo nimetoka nje. Nilikuwa na hadithi moja mkononi, na sikuimaliza kabla sijamjua aliyeiandika. Kulikuwa na mambo mle ambayo yako nyumbani kwa watu fulani tu. Siwezi kukuambia zaidi. Kama unajua ninachozungumzia, basi unajua, na kama hujui, niache. Nimemwambia Mwenyekiti kwamba namfahamu mwandishi, nikaenda kukaa kwenye benchi la korido pamoja na ndoo ya mfagiaji. Nikamsikia Rubani akicheka ndani. Sijui alicheka nini. Nimejizuia kwa nguvu zangu zote nisisogee mlangoni. Nataka tu ujue kwamba mwandishi huyo ameniliza, na kwamba kutoka kwangu kulikuwa heshima.

Iko nyingine ambayo naweza kukusimulia kwa sababu haituhusu. Tumekatazwa kutaja hadithi kwa watu wa nje, lakini wewe si mtu wa nje. Ni sayari inayopunguza mwendo wa kuzunguka, mpaka usiku mmoja unakuwa mrefu kuliko uhai wa mtu. Watu wanaishi kwa kutembea, wanaufuata ukingo wa mwanga. Mkunga mmoja hawezi kwenda nao sawa, kwa kuwa kila mwanamke anayeshikwa na uchungu lazima asimame, na mkunga asimame naye, huku giza likiwajia kwa nyuma. Ana dada yake mkubwa anayetembea mbele kabisa, penye jua. Dada huyo hutuma salamu kupitia watu wanaorudi nyuma. Salamu nzuri, zilizopangwa vizuri. Hageuki hata mara moja.

Nimemchukia dada yule kama mtu ninayemjua. Nimeandika pembeni kwamba ndiye mtu wa kweli kuliko wote katika hadithi zote tulizopewa.

Mwandishi wake simjui, na nashukuru. Ana hasira na moyo baridi, hamwombi msomaji chochote. Nimeiweka ya kwanza na nitaipigania.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena.

Huyo dada wa kwenye hadithi, kwa nini umemchukia hivyo? Labda ana sababu zake. Labda huko mbele anawatafutia wenzake maji.

Nakuomba kitu kimoja. Usiniambie tena habari za hadithi hizo, hata moja. Usiniulize kwa nini.

Kazini ni kuzuri. Baba amepanda ngazi leo na mfuko wa vitunguu bila kupumzika, akafika juu akajisifu mpaka jirani akafungua mlango.

Kitinda

3 Mei

Mdogo wangu,

Najua kinachokuuma na sitakitaja. Nitasema hili tu: mtu akitoka nje ya chumba kwa ajili ya hadithi, haina maana kwamba ameikataa. Wakati mwingine amependa mno kuliko anavyoruhusiwa. Siku zikipita tutalizungumza tukiwa tumekaa pamoja.

Umeniomba nisiseme habari za hadithi, lakini kura tumeshapiga na sina mtu mwingine wa kumweleza, kwa hiyo nivumilie mara hii ya mwisho.

Tulibishana tangu asubuhi. Rubani alikuwa amepiga hesabu. Alisema sayari ikipunguza mwendo vile, bahari zote zitakimbilia kwenye ncha, na mkunga wetu atakuwa ametembea chini ya maji tangu ukurasa wa pili. Muuza Vitabu akasema yeye ameshawahi kuuza vitabu ambavyo bahari yake ilikaa mahali pake na watu wake wote walikuwa wamekufa tangu ukurasa wa pili. Mimi nilizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuzungumza mbele ya watu. Sikumbuki nilichosema. Nakumbuka Mwenyekiti akinisogezea glasi ya maji.

Kisha Profesa Hakuna akavua miwani. Akasema mwaka huu, kwa mara ya kwanza, ameshusha mstari wake chini ya hadithi, na kwamba tusimtazame hivyo.

Mkunga ameshinda, watatu kwa wawili, dhidi ya hadithi ya mji ambao watu wake huota ndoto kwa zamu. Kesho katibu anafungua bahasha ya jina.

Dada yako

4 Mei

Kitinda,

Katibu amesoma anwani yetu.

Amesoma lile jina la utani wanalokuita kazini, ambalo halimwambii mtu chochote, kisha mtaa, kisha jengo, kisha ghorofa ya nne. Wote walikuwa wakitabasamu, wakisema ni mtu mpya kabisa, hakuna anayemjua. Na mimi, niliyechukua jina la mume wangu, nilikuwa nimekaa katikati yao na glasi mkononi.

Ni wewe. Mkunga ni wewe. Nimekupigia kura, nimekupigania, nimewasogeza watu wazima kutoka kwenye misimamo yao kwa ajili yako, na sikujua.

Nilisema tu kwamba kichwa kinaniuma, nikaondoka. Tuzo haitangazwi mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna anayejua kwamba mshindi ni mdogo wangu isipokuwa mimi, na sasa wewe.

Basi ile nyingine ni ya nani? Ile niliyoitokea nje? Fundi anatengeneza lifti kwenye jengo refu, inakwama kati ya ghorofa mbili, anafungua mlango na anakuta korido ambayo haikujengwa. Mwishoni mwa korido kuna mwanamke amevua kiatu kimoja, anajikuna unyayo kwenye ukingo wa kiti huku akisoma. Ni Mama. Hakuna mtu mwingine duniani aliyesoma hivyo. Nilikuwa na hakika ni wewe.

Sijui la kufanya. Niandikie.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Ndiyo, ni mimi.

Nilikuwa nimeshaituma kabla barua yako ya Machi haijafika. Nilipoisoma barua ile nikajipa moyo: atanitambua, atatoka nje, nitabaki na wanne, yatosha. Kisha ukaniandikia kwamba umetoka. Nikatulia kabisa. Halafu nikageuza ukurasa, nikamkuta mkunga wangu.

Hukunitambua. Wewe uliyenifundisha kusoma kwa kidole chako juu ya kidole changu, hukunitambua. Siku ile nilikasirika hata nikamjibu vibaya mteja wa watu. Siku iliyofuata nilikuwa nachanganya plasta nikaanza kucheka peke yangu, kwa sababu nilielewa kwamba kuna mtu amenisoma bila kunihurumia. Maisha yangu yote sijawahi kupata msomaji wa namna hiyo. Na msomaji mwenyewe alikuwa wewe.

Yule dada umeshajua ni nani. Mama alipokuwa mgonjwa, mpaka akatutoka, ulituma barua nzuri sana. Nilizisoma kwa sauti kando ya kitanda. Sikuandika hadithi ile ili uione, niliiandika kwa sababu nilidhani hutaiona.

Nilipaswa kukuambia Aprili ile ile. Nilikaa na kalamu. Nikaandika habari za vitunguu. Niliitaka tuzo, Dada, niliitaka mpaka nikawa naota nimevaa viatu vya kwenda kuipokea.

Sasa ya lifti. Jioni nilimuuliza Baba, taratibu tu, kama kuna lifti yoyote aliyowahi kuiandikia hadithi. Alizima redio. Unajua Baba hazimi redio. Akasema, "Lifti ipi?" kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni. Nikamwambia ile yenye korido. Akatazama magoti yake, kisha akaniuliza, "Kwani na wazee wanasomwa?"

Nimemwambia wanasomwa. Nimemwambia kwamba binti yake mkubwa aliisoma akalia, na ilimbidi atoke nje. Hakuuliza kama ameshinda. Aliuliza ulilia kwenye sehemu gani.

Sasa mwambie Mwenyekiti. Usinilinde. Ukinilinda, tuzo itakuwa ni dada yangu amenipa, na vya hivyo ninavyo vya kutosha: viatu, ada ya chuo, koti la kijani. Hiki nilikitaka kutoka kwa watu wasionijua. Nenda ukawaambie, na usiniandikie mpaka umeshawaambia.

Kitinda

25 Mei

Kitinda wangu,

Nimemwambia.

Nilimkuta Mwenyekiti nyumbani kwake akimwagilia mimea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nikaishia kusema kwamba nilitoka nje kwa hadithi isiyokuwa ya mdogo wangu, nikabaki ndani kwa iliyokuwa yake. Nikamwambia na ya lifti ni ya nani. Aliweka chini chombo cha maji. Akasema, "Mwanangu, nimeona majaji wakiwapigia kura ndugu zao kwa makusudi. Wa kwanza kumpigia kwa bahati mbaya ni wewe."

Kisha akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliniona usoni.

Waliitana wanne. Wakaitoa karatasi yangu na kuhesabu upya. Mkunga wawili, mji wa ndoto wawili. Sheria inasema kura zikilingana, ishinde ile iliyowekwa ya kwanza na watu wengi zaidi tangu mwanzo, na hiyo ni ya mji wa ndoto. Walinionesha karatasi zote ili nisibaki na shaka. Mmoja wa wale wawili waliobaki na wewe ni Profesa. Ameomba nikuambie, kama nitaona inafaa, kwamba hajutii.

Hivyo umeikosa kwa sababu yangu. Jaji mwingine yeyote angekaa kwenye kiti kile, akaipenda kama nilivyoipenda, na leo ungekuwa unanunua viatu vyako. Nimelizungusha jambo hili kichwani kila upande. Ningekujua, ningetoka, ungebaki na wanne wale wale na sare ile ile. Sikukujua, na matokeo ni hayo hayo. Mlango pekee uliokuwa wazi kwako ulikuwa mimi nisiwe jaji.

Nimeisoma tena hadithi yako, safari hii nikijua. Yule dada bado simpendi. Lakini sasa naona kwamba anaogopa giza kuliko wote waliomo, na kwamba mwandishi alilijua hilo kabla yangu. Umemwandika kwa huruma kuliko nilivyomsoma.

Nakuomba kitu. Utakachoandika baada ya hiki, nipe niwe wa kwanza kukisoma, kabla ya mtu yeyote. Nitaomba likizo, nitakuja, tutakisoma mstari kwa mstari. Sitaki tena nikusome bila kukujua.

Dada yako

9 Juni

Dada,

Barua za majaji zimefika, mbili kwa siku moja, yangu na ya Baba, na maoni yenu yameambatanishwa bila majina. Ya Baba inasema kwamba lifti imeelezwa kwa usahihi uliopita kiasi, breki zote na nyaya zote zipo, mpaka jaji mmoja akauliza njozi iko wapi. Nadhani ndipo Rubani alipocheka. Nilifikiri Baba atavunjika moyo. Amemsomea jirani. Amemsomea muuza magazeti. "Wamekubali breki zangu," anasema, na ameshaanza nyingine, safari hii mbele yangu, bila gazeti.

Mimi nililia kidogo, nisikudanganye. Nililia bafuni maji yakiwa yanatiririka, nikatoka nikatengeneza meno ya juu ya mtu, yakatoka mazuri kuliko yote ya mwezi huu. Niliikosa, basi. Lakini watu wawili wasionijua waliendelea kunishikilia hata ulipoondolewa wewe. Hao wawili nimewahesabu kuwa wangu. Profesa wako mwambie asante, na Rubani mwambie bahari nitazirekebisha.

Hukuninyang'anya kitu, usiendelee kulizungusha. Mimi ndiye niliyekwambia uende, na ungekataa kwenda ningekuwa nimepata tuzo na nimempoteza mtu wa kumwambia.

Sasa hili la kusoma kwanza. Hapana, Dada. Usikasirike. Umenisoma mara moja bila kunijua, na haitawezekana tena. Kuanzia sasa kila utakapofungua ukurasa wangu utakuwa unajitafuta, na mimi nikiandika nitakuwa nakuona unajitafuta, na hakuna kati yetu atakayeona hadithi. Nitaituma hii mpya kwa watu nisiowajua. Wakiikataa, nitaituma kwa wengine. Wasomaji nitawapata, hata kama ni wachache na wanachelewa.

Dada ninaye mmoja.

Njoo na likizo yako. Ukifika usiniulize nimeandika nini, wala usinipangie maneno mazuri. Lalamikia ngazi. Uliza kama kuna maji ya kuoga. Usiku niisukume miguu yako kitandani kama zamani, ulale upande wa ukutani, na asubuhi uamke umechelewa, mimi nikiwa nimeshakwenda kazini.

Kitinda